Keria ya Rodi Uliyoijenga Mwenyewe: Kutambua Hitilafu kwa Dalili Zake

Anayevua kwa rodi kutoka ufukweni hapa Malindi hana budi kusafiri. Pepo za kaskazi zinapovuma, udongo mwekundu unaomwagwa na Mto Sabaki husukumwa kusini mpaka mbele ya mji, na maji yakishachafuka hivyo mvuvi hupakia vyombo vyake, akavuka daraja la Sabaki kuelekea Mambrui, au akaendelea mpaka Gongoni na kukunja kulia kufuata njia ya Ngomeni. Rodi ya ufukweni yenye urefu wa futi 12 hugawanyika vipande viwili vya karibu mita 1.8 kila kimoja, na urefu huo haukai ndani ya gari dogo bila ncha kugusa kioo au kumchoma abiria shingoni. Ndiyo sababu wengi wetu hujijengea keria ya juu ya paa.

Keria ninayoizungumzia ni ile ya kawaida: paipu ya PVC yenye kipenyo cha milimita 75, iliyokatwa mita 2, yenye kifuniko cha kudumu mbele na kifuniko cha kufungua nyuma, iliyofungwa kwa boliti zenye umbo la herufi U juu ya mihimili miwili ya chuma iliyokingama paani. Paipu hizi huuzwa kwa urefu wa mita 6, kwa hiyo paipu moja hutoa keria tatu, na vifaa vinavyobaki hupatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi. Kuijenga ni kazi ya nusu siku. Kinachosumbua ni yale yanayofuata baada ya mwezi mmoja au miwili ya jua, chumvi na rafu, na hapo mtu huanza kukaza boliti, kuongeza kamba na kubandika raba bila kujua anatibu nini.

Nimejenga keria nne za namna hii, mbili zangu na mbili za jirani zangu, na zote zimewahi kuharibika kwa njia moja au nyingine. Nilichojifunza ni kwamba hitilafu nyingi zina asili moja: kuna kitu kimebanwa pande zote mbili ilhali kilistahili kubanwa upande mmoja na kuachiwa nafasi ya kuteleza upande wa pili. Msomaji atakiona kisa hicho kikijirudia katika paipu, katika boliti na hata katika rodi zenyewe.

Kabla ya kushika spana

Jambo la kwanza ni kukumbuka hitilafu ilianza lini. Ikiwa ilijitokeza katika miezi ya kaskazi, kati ya Desemba na Machi, gari likiwa limeegeshwa juani mchana kutwa, shuku joto. Ikiwa ilijitokeza baada ya safari ya njia isiyo na lami, shuku mtikisiko. Ikiwa ilijitokeza wakati wa masika, au baada ya gari kulala karibu na bahari kwa siku kadhaa, shuku maji na chumvi. Swali hilo moja huokoa muda mwingi, kwa sababu dalili zinazofanana huweza kuwa na vyanzo tofauti kabisa. Boliti iliyolegea, kwa mfano, inaweza kuwa imetikiswa, na inaweza pia kuwa haikusogea hata kidogo bali paipu iliyokuwa chini yake ndiyo iliyonywea.

Kisha zitoe rodi zote, ushike paipu kwa mikono miwili na kuitikisa juu na chini, kushoto na kulia, halafu mbele na nyuma, huku mtu mwingine akiweka kidole mahali paipu inapokutana na klampu, yaani ile boliti ya U inayoishika, na mahali mhimili unapokutana na paa. Kidole huhisi mchezo ambao jicho halioni. Ukigundua kwamba mhimili wenyewe unacheza juu ya paa, acha mengine yote kwanza, kwa maana hakuna keria itakayotulia juu ya mhimili usiotulia.

Paipu imepinda, au imepasuka penye klampu

Hii ndiyo hitilafu ninayoulizwa zaidi, na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Mtu huona paipu yake imejikunja kama upinde, akadhani ameuziwa paipu dhaifu, akanunua nyingine nene zaidi, nayo ikapinda vilevile kabla ya kaskazi kwisha.

Chanzo ni kutanuka. Plastiki ya PVC hutanuka kwa takriban milimita 0.07 kwa kila mita moja kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Paipu iliyokuwa na nyuzi 25 alfajiri huweza kufikia nyuzi 65 adhuhuri ikiwa ni ya rangi nyeusi au kijivu iliyokolea na gari liko juani bila upepo. Tofauti hiyo ya nyuzi 40 hurefusha paipu ya mita 2 kwa milimita 5 na nusu hivi. Chuma cha paa na cha mihimili hutanuka pia, lakini kwa karibu moja ya sita ya kiwango hicho. Kwa hiyo, ikiwa klampu zote mbili zimekazwa mpaka paipu haiwezi kuteleza, urefu huo wa ziada hauna pa kwenda isipokuwa juu au pembeni. Tena, PVC huanza kupoteza ukakamavu wake inapokaribia nyuzi 60, na kufikia nyuzi 80 huwa laini kabisa, jambo ambalo maana yake ni kwamba paipu husukumwa na kutanuka kwake saa ileile inapokuwa haina nguvu ya kustahimili. Jioni ikipoa, umbo lile jipya hubaki.

Njia ya kuthibitisha ni rahisi. Piga mstari mwembamba wa rangi juu ya paipu kando ya kila klampu wakati wa alfajiri, kisha utazame tena adhuhuri. Kama mstari mmoja umesogea, paipu inapumua na chanzo cha kupinda kiko kwingine. Kama hakuna hata mmoja uliosogea na paipu imejikunja katikati, umepata jibu.

Tiba ni kuibana klampu ya mbele pekee, na kuifanya ile ya nyuma kuwa njia ya kupitia. Klampu ya nyuma huvishwa raba laini kwa ndani, nati zake zikakazwa mpaka paipu isicheze juu na chini, lakini mtu akiisukuma kwa kiganja kwa urefu wake iteleze. Ni mbele ndiko kunakobanwa kwa sababu upepo wa safari husukuma kutoka mbele, na kifuniko cha kudumu kiko huko. Nafasi ya milimita 10 nyuma inatosha. Baada ya hapo, paka paipu rangi nyeupe. Rangi nyeupe hupunguza joto na wakati uohuo huikinga plastiki na mwanga wa jua, ambao kwa miaka huifanya PVC kuwa ya manjano, kutoa unga unaobaki mkononi, na hatimaye kuwa kavu kiasi kwamba hupasuka kwa pigo dogo. Paipu iliyokwisha kutoa unga haina tiba. Ibadilishe.

Ikiwa paipu imepasuka penye klampu bila kupinda, kwa kawaida chanzo ni kukazwa kupita kiasi. Boliti ya U iliyo nyembamba hugusa plastiki kwa mstari mmoja tu, na fundi akiikaza kwa nguvu za chuma kwa chuma, plastiki hunywea polepole chini yake hata bila joto. Weka ukanda mpana wa bati au wa alumini kati ya boliti na paipu, na raba chini ya ukanda huo, ili mbano uenee. Mipasuko midogo haizibwi kwa gundi mahali penye mbano. Gundi ya PVC ni nzuri kwa kuunganisha kifuniko, si kwa kushona jeraha linalovutwa kila siku.

Paipu imeinama nchani ingawa haibanwi popote

Hili si tatizo la joto bali la nafasi ya mihimili. Katika magari madogo, mihimili huwa karibukaribu, pengine sentimita 70 au 80 tu, hivyo paipu ya mita 2 huachwa ikining'inia sentimita 60 au zaidi kila upande, ncha zikishuka na katikati kupanda. Mahali pazuri pa kuishika paipu ya urefu huo ni karibu sentimita 44 kutoka kila ncha, yaani zaidi kidogo ya moja ya tano ya urefu wake. Kama paa halikuruhusu, weka chini ya paipu bomba la alumini la pembe nne lenye urefu wa mita 2, ulifunge hilo kwenye mihimili, kisha uilaze paipu juu yake. Uzito unaoongezeka ni mdogo, na paipu haina tena kazi ya kujibeba.

Boliti hulegea kila baada ya safari

Njia ya kutoka Gongoni kwenda Ngomeni ni kipimo kizuri cha kazi ya fundi. Barabara isiyo na lami ikikaa muda bila kusawazishwa huota mawimbi kama bati, na gari linalopita juu ya mawimbi hayo hutikisika mara nyingi kwa sekunde moja. Mtikisiko wa juu na chini haulegezi nati sana. Unaoilegeza ni ule wa pembeni, ambapo vitu viwili vilivyobanwa pamoja huteleza kidogo kimoja juu ya kingine, kwenda na kurudi, na kila mtelezo huipa nati nafasi ya kuzunguka nyuma kidogo tu.

Ndiyo maana washa za springi hazisaidii sana hapa, ingawa kila duka hukuuzia. Zinazosaidia ni nati zenye pete ya nailoni ndani, au nati mbili zilizokazwa moja juu ya nyingine. Nati ya nailoni ikishafunguliwa mara kadhaa hupoteza ukali wake. Ukiweza kuizungusha kwa vidole mpaka mwisho, haifai tena. Tumia boliti za milimita 8, ambazo nati zake hufunguliwa kwa spana namba 13, kwa sababu za milimita 6 hunyooka na kuchoka haraka zinapobeba kitu kirefu.

Hata hivyo, kabla ya kulaumu nati, tazama kilicho chini yake. Rangi nene iliyopakwa kwenye mhimili husagika ikatoka. Raba mpya hunywea katika siku za kwanza. Plastiki nayo, kama nilivyokwisha kusema, hukimbia mbano. Katika hali hizo nati haikuzunguka hata kidogo, bali kilichobanwa kimepungua unene. Tofauti kati ya visa hivi viwili huonekana kwa alama: baada ya kukaza, chora mstari mmoja wa rangi unaopita juu ya nati na kuendelea mpaka kwenye mwili wa boliti na mhimili. Mstari ukikatika, nati imezunguka, na dawa ni nati bora. Mstari ukiwa mzima huku klampu ikicheza, kuna kitu kimenywea, na dawa ni kukaza tena baada ya safari ya kwanza na ya pili, kisha kubadilisha raba ikiwa bado inaendelea kunywea.

Kuna pia kisa cha mtikisiko unaotokea kwa mwendo mmoja tu. Dereva husema kwamba kwa kilomita 60 kwa saa keria hutetemeka kama yenye homa, lakini kwa 50 au 70 imetulia. Hapo mtikisiko wa barabara umekutana na mtikisiko wa asili wa paipu, na kukaza hakutasaidia. Badilisha nafasi ya kushikia, au ongeza shikizo la tatu katikati, ndipo ule mwendo wa hatari utahama kwenda mahali usipoufikia.

Waliofunga keria kwa kamba badala ya boliti wana tatizo lao. Kamba ya katani ikilowa hujikaza, ikikauka hulegea, kwa hiyo iliyofungwa wakati wa mvua huwa imeachia kufikia mchana. Nailoni ni kinyume chake, kwani ikilowa hurefuka. Mpira wa blada hushika vizuri sana kwa wiki chache, kisha jua huutia mipasuko midogo, na hukatika pasipo kutoa onyo. Mimi hutumia blada kama raba ya kulalia tu, wala siiamini kushika keria. Kamba nayo naiweka kama kamba ya tahadhari: kipande cha poliesta kinachopita katika mhimili na kuzunguka paipu kikiwa kimelegea kidogo, ili boliti zote zikishindwa keria isiruke ikampiga mwendesha bodaboda aliye nyuma. Kamba hiyo haina gharama, na ningemwomba kila anayejenga keria asiiache.

Filimbi, mvumo na mgongano

Sauti tatu hizi zina vyanzo vitatu. Filimbi nyembamba hutoka kwenye tundu lililo wazi linaloelekea upepo, mara nyingi tundu la boliti lisilotumika au kifuniko cha mbele kilichopasuka. Lizibe. Mvumo mzito unaoongezeka kwa mwendo hutoka kwenye paipu ambayo nyuma imeachwa wazi, au kwenye uwazi mwembamba kati ya paipu na paa. Nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa mwendo, maana yake gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupokea nguvu mara nne ya lile linalokwenda 50, hivyo usishangae kwamba keria iliyo kimya mjini hulia kwenye barabara kuu. Mgongano wa ndani, tak-tak-tak, ni rodi zenyewe zikipiga ukuta wa paipu, na huo ndio unaopaswa kukutia wasiwasi.

Rodi inavunjika ufukweni bila sababu

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hasara kubwa iko hapa na watu wengi hawaihusishi na keria.

Msimu mmoja nilikuwa Mambrui, maji yakijaa, nikapata kolekole ambaye kwa uzito wake hakuwa mkubwa wa kutisha. Rodi yangu ya kaboni ilikatika karibu theluthi moja kutoka juu, kwa sauti kavu, na samaki akaenda zake na mshipi. Nililaumu rodi. Nilimlaumu hata aliyeniuzia. Baada ya wiki moja nilipoisafisha keria nilikuta, ndani ya paipu, umbali uleule kutoka kwenye kifuniko cha mbele, ncha ya skrubu iliyokuwa imetokeza milimita 3 au 4 kupitia ukuta wa paipu. Kila safari rodi ilikuwa ikiigonga skrubu ile, mahali palepale, mamia ya mara.

Kaboni ina nguvu kubwa inapopindwa lakini haivumilii kugongwa. Pigo dogo au mkwaruzo huvunja nyuzi chache za juu, na rodi haionyeshi chochote mpaka siku inapopindwa kwa nguvu, ndipo ufa huanza mahali pale pale penye jeraha. Fiberi ya kioo huvumilia zaidi, ingawa nayo ni nzito zaidi. Kwa hiyo rodi ikivunjika ufukweni, usitazame ufukwe tu. Pima umbali kutoka kwenye ncha au kwenye kitako mpaka pale ilipokatika, kisha utafute katika keria kilicho kwenye umbali huo. Pitisha kitambaa kilichofungwa kwenye ufito mrefu ndani ya paipu, kikwame penye ncha ya skrubu, ukingo wa klampu au tone la gundi lililokauka. Skrubu zote zinazoingia ndani ya paipu ziondolewe. Kilichofungwa kwa skrubu kifungwe kwa klampu kutoka nje.

Ikiwa imevunjika ncha yenyewe, sentimita chache za mwisho, chanzo karibu kila mara ni urefu. Rodi imejaa paipu nzima, kifuniko cha nyuma kinasukuma kitako, na ncha imebanwa kwenye kifuniko cha mbele. Gari likikanyaga breki au likiingia shimoni, uzito wote wa rodi hutua juu ya pete ndogo ya mwisho ya kupitishia mshipi. Kisa kile cha kubanwa pande mbili kimerudi. Rodi inapaswa kushikwa kwenye mpini na kuachwa huru kwenye ncha. Acha angalau sentimita 10 zaidi ya urefu wa kipande kirefu zaidi, uingize rodi ncha ikitangulia, na ushike mpini kwa duara la sponji ngumu lenye tundu linalolingana nao. Mimi huyakata maduara hayo kutoka kwenye kandambili kuukuu, ambazo bahari hutuletea ufukweni kila siku. Sponji yake hainyonyi maji, haiozi upesi, na kisu kikali huikata bila shida. Mafundi wa zamani wa mitepe ya Lamu walishona mbao kwa kamba za nazi badala ya kuzipigilia misumari, na chombo kilinesa kilipotua juu ya mchanga. Nadhani wangekielewa kiti hiki cha kandambili kwa kukitazama tu.

Rodi mbili au zaidi katika paipu moja zisiachwe zikasuguana. Kila moja ivishwe mfuko wa kitambaa, au moja iingizwe ncha mbele na nyingine ibaki nyumbani. Kuziweka kinyume, ncha ya moja karibu na kitako cha nyingine, ni kosa, kwa kuwa kitako kizito huipiga ncha nyembamba njia nzima.

Mshipi unakatika ukiwa mpya

Kagua kila pete ya rodi kwa macho, kisha kwa pamba. Pete nyingi za rodi za sasa zina kauri ndani, na kauri ikigongwa kwenye paipu hupata ufa usioonekana ambao hukata mshipi kama wembe. Chukua kipande kidogo cha pamba, ukipitishe polepole ndani ya kila pete kwa kukizungusha. Nyuzi za pamba zikinaswa, pete hiyo ina ufa na ibadilishwe. Pete kubwa iliyo karibu na rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, ndiyo huumia kwanza, hasa kwa waliotumia paipu ya milimita 50, ambayo pete ya rodi ya ufukweni hupita ndani yake kwa kukwaruza. Ndiyo sababu nilitaja milimita 75 tangu mwanzo. Rili, kwa hali yoyote, isiachwe kwenye rodi inayosafiri ndani ya paipu. Itolewe, ivishwe mfuko, na isafiri ndani ya gari mbali na jua, kwa kuwa jua hudhoofisha mshipi wa nailoni.

Kutu, unga mweupe na harufu ya ukungu

Kutu nyekundu inatokana na chuma cha kawaida. Unga mweupe unatokana na alumini au zinki. Unga mweupe ukiwa umekusanyika palipokutana boliti ya chuma cha pua na mhimili wa alumini, tatizo si ubora wa vifaa bali ni kukutana kwao: metali mbili tofauti zikigusana katika maji ya chumvi, moja humla mwenzake, na hapa alumini ndiyo inayoliwa. Zitenganishe kwa washa za plastiki na kipande cha raba, upake grisi kwenye nyuzi za boliti, na ziachwe zisigusane popote.

Ndani ya paipu, ukikuta miguu ya pete ina kutu na mpini wa koki, ile ya vizibo vya chupa, unanuka ukungu, tafuta mahali maji yanapokaa. Paipu iliyozibwa pande zote hufanya jasho: hewa yenye unyevu huingia mchana, usiku ukipoa hugeuka matone. Toboa matundu matatu ya milimita 6 upande wa chini, karibu na ncha ya nyuma, na uilaze paipu ikiwa na mteremko mdogo kuelekea nyuma ili maji yatoke. Ondoa sponji laini ya godoro ikiwa uliiweka kwenye kifuniko cha mbele, kwa sababu hiyo hunyonya maji ya chumvi na kuibusu ncha ya rodi nayo usiku kucha. Na kabla ya kuingiza rodi kwenye paipu baada ya uvuvi, zioshe kwa maji baridi na zikauke kivulini. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya magadi au chumvi. Tumia maji ya bomba au ya mvua.

Vipande vya rodi haviachani

Mchanga au chumvi imeingia kwenye maungio. Watu wawili wasimame wakitazamana, kila mmoja ashike vipande vyote viwili, mkono mmoja huku na mwingine kule, kisha wavute kwa unyofu bila kuzungusha. Koleo isitumike kabisa. Safari ijayo, paka nta ya mshumaa kidogo kwenye ungio.

Keria ya kusimamisha rodi kwenye bampa

Wapo wanaopendelea paipu fupi zilizosimamishwa mbele ya gari, rodi zikielekea juu. Kwa kusogea mita mia chache kando ya maji zinafaa. Kwa safari hazifai, na sitazitolea tiba ya kuzikaza. Matawi ya mikanju na miembe kwenye njia za vijijini huzivunja ncha, na upepo huzilegeza msingi. Lakini kubwa zaidi ni kwamba kaboni hupitisha umeme, na nyaya zinazovuka njia za vijijini wakati mwingine huning'inia chini kuliko mtu anavyodhani. Rodi ya futi 12 iliyosimama juu ya bampa hufika juu zaidi ya mita 4. Ilaze.

Majaribio baada ya matengenezo

Usilipeleke gari moja kwa moja kwenye rafu baada ya kurekebisha. Hakikisha kwanza kwamba paipu haizibi taa wala namba ya gari, na kwamba ikitokeza nyuma imefungwa kitambaa chekundu. Weka ndani ya paipu rodi kuukuu, au ufito wa uzito unaofanana, uendeshe kutoka mjini mpaka karibu na daraja la Sabaki, usimame kando kabisa ya barabara na kuipitia mistari ya rangi mmoja mmoja. Isukume paipu kwa kiganja: mbele isisogee, nyuma iteleze. Ukifika Gongoni, kabla ya kukunja kuelekea Ngomeni, simama tena uifanye kazi ileile, spana namba 13 ikiwa mkononi.